Chemchemi Chini ya Bwawa la Tatu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Viatu vimelowa, soksi zimelowa. Nimerudia kuandika baada ya miaka miwili — nina nusu saa ya chakula na hapa maabara hakuna wa kuongea naye isipokuwa friji.

Mikisa, ile mashine ya kukoroga bwawa la pili, bado imekufa. Mota yake iliungua Machi, ikabebwa kwenda kutengenezwa, haijarudi. Mzee Kipkirui anakoroga bwawa kwa mti mrefu, kama mtu anasonga ugali wa harusi. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Mzee ana miaka hamsini na nane. Kazi hii nimefundishwa na yeye, chuo kilinipa cheti tu.

Siku yangu ya kwanza alinizungusha akanieleza. Majitaka yote ya Lelgoi yanakuja kwetu: vyoo vya soko, kambi za wachuma chai, damu ya kichinjio, na maji ya kuoshea mitambo kiwanda cha maziwa. Yamejaa mbolea kuliko shamba. Bwawa la kwanza tunapuliza hewa, na wadudu wake wasioonekana wanakula amonia wanaigeuza nitrati. Bwawa la pili halina hewa. Wadudu wa huko wanaivunja nitrati, inapanda angani, imekwisha. Bwawa la tatu ni la kutulia tu, halafu maji yanaenda mtoni. "Hawa wa kwanza wanataka pumzi," mzee alisema. "Wa pili wanataka kukorogwa na kulishwa." Chakula chao ni molasi, inaletwa kutoka kwa miwa huko chini, upande wa Fort Ternan.

Molasi nayo haijaletwa tangu Pasaka.

Na dawa ya kupimia nitrati iliisha Aprili. Nimemwambia meneja, Lazarus, mara tatu. Leo akanijibu bila kuinua macho kwa simu: "Bochaberi, si maji unaona? Haina rangi, hainuki. Andika kama ya mwezi jana. Dawa ikija utapima."

Nimeandika 8.1. Kikomo ni 10.

Na kweli maji hayana rangi. Unaweza kuona kokoto chini.


Ijumaa, 30 Mei

Ripoti ya mwisho wa mwezi. Nitrati — 7.9. Nilitaka kuandika 8.0, nikaona inakaa ya uongo.

Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini Juni. Lazarus ameniambia nisiwe na wasiwasi, anajua nani anafanya kazi.


Jumapili, 8 Juni

Kanisani mtoto wa Phelis ameombewa. Cheptoo! Wiki saba, nywele nyingi kama za mtu mzima, na amelala ibada yote hata wakati wa ngoma.

Mimi na Phelis tumekua laini moja ya nyumba kambini. Mama yake na mama yangu walichuma chai mlima mmoja miaka kumi na sita, mmoja Mkipsigis wa Sigowet, mwingine Mkisii, wakagombana kuhusu kuku na kushona sweta moja. Mimi nilienda chuo. Yeye alibaki na kikapu. Hajawahi kunionyesha kwamba hiyo ni kitu.

Baada ya ibada tulienda kwake, mimi na mama. Kesho anarudi kuchuma. Ni kibarua, hana likizo, na zile mashine za kuchuma zimeanza kuletwa, ukikosa wiki mbili jina lako linafutwa. Mama ya bwana yake, Kipkemoi, ndiye atabaki na mtoto na maziwa ya mkebe. Phelis ana wasiwasi na maji ya kuyachanganyia. Mfereji wa kambi unatoka mara mbili kwa wiki, kwa hivyo wanachota chemchemi, ile iko chini ya mabwawa yetu kupitia kwa ile miti mirefu ya miblugamu.

Akanionyesha sufuria. "Nachemsha mpaka inabaki nusu, Bocha. Sitaki mchezo na mtoto."

Nikamwambia hivyo ndivyo inatakiwa. Nikamsifu! Nilijisikia mtaalamu.


Jumanne, 17 Juni

Dawa haijaja. Mikisa haijaja. 8.3.


Jumatano, 25 Juni

Phelis amenipigia saa tano nikiwa na sampuli mkononi. Sikumwelewa. Anasema mtoto amebadilika rangi, amebadilika rangi, anarudia hiyo tu.

Nimekimbia. Kutoka mtamboni mpaka kambi ni dakika kumi ukipitia njia ya chemchemi. Mama ya Kipkemoi alikuwa amemshika mlangoni ili aone vizuri kwa mwanga. Midomo ilikuwa kama imepakwa wino. Kucha pia. Mwili wote kijivu, kama jivu la kuni mbichi. Na halii! Hilo ndilo limenitisha zaidi — macho wazi, anatuangalia tu, anahema haraka haraka.

Mama mzee anasema ni baridi, wiki nzima amekuwa akipauka wakidhani ni homa. Kipkemoi anasema nimonia. Tumeenda zahanati kwa pikipiki, mimi nyuma, Phelis katikati, mtoto kwa kifua. Nesi akampa oksijeni. Rangi ikakataa kubadilika. Akasema huo ni moyo, huyu lazima aende Kericho, akaita ambulensi. Ilifika mapema kuliko nilivyotarajia.

Nimebaki na viatu vya Phelis. Aliingia garini bila viatu.


Alhamisi, 26 Juni

Cheptoo amefariki kabla ya kufika. Walikuwa wamebakisha kama kilomita tano.


Jumamosi, 28 Juni

Kwa kina Kipkemoi. Tumezika saa sita.

Sanduku linabebwa na mtu mmoja chini ya kwapa. Sitaki kuandika kuhusu sanduku.

Mama ya Kipkemoi alikuwa akisema kwa sauti ili watu wasikie, na watu wa kwake wakitunong'onezea sisi Wakisii tafsiri: mtoto wa miezi miwili anaachwa na chupa, mama anakimbilia chai, sasa mnataka Mungu afanye nini. Phelis alikuwa amekaa kwa nyasi miguu imenyooka. Maziwa yalikuwa yamemtoka yakalowesha blauzi, akafunika na leso, ikalowa pia.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono. "Nilichemsha," akaniambia. "Wewe uliona. Kila siku nilichemsha."

Nikamwambia najua.


Jumatatu, 7 Julai

Mkataba umetoka. Mwaka mzima, si miezi mitatu! Mama ameimba jikoni.

Kipkemoi amemwambia Phelis arudi kwao. Hajampiga, hajamtukana, amemwambia tu hawezi kumwangalia akila. Phelis amebeba godoro na sufuria akaenda Sigowet. Nimesikia kutoka kwa wanawake wa mfereji. Mmoja anasema wanawake wa siku hizi hawajui kunyonyesha. Nilipita tu.


Jumanne, 15 Julai

Mtoto mwingine.

Ni wa Mongina, yule binti wa Keroka ambaye aliolewa kambini mwaka jana. Kijana, anaitwa Okemwa, wiki tisa. Mongina alikuwa na jipu la titi, akaachisha kunyonyesha wiki mbili zilizopita. Rangi ileile! Niliambiwa na mama, nikaenda zahanati moja kwa moja, gambuti za kazi bado miguuni.

Safari hii alikuwepo Makori. Ni afisa wa kliniki lakini sote tunamwita daktari. Alimdunga mtoto kisigino, akatoa damu kidogo kwa kipande cha karatasi nyeupe, akaiinamia. Ilikuwa kahawia. Kama strungi, chai isiyo na maziwa, iliyokaa kwa birika tangu asubuhi. Akaipepea, akangoja iwe nyekundu. Haikuwa.

Makori akasema polepole, kama anajisomea: "Hii si moyo. Hii ni damu imeshikwa, haiwezi kubeba hewa." Akapiga simu Kericho, akauliza kama wako na dawa fulani. Wakasema wako nayo. Ambulensi ikaondoka na mtoto, na Mongina, na Makori mwenyewe akiwa ameshikilia chupa ya maji ya mshipa.

Saa kumi na moja jioni amepiga simu. Wamemdunga. Dawa yenyewe ni ya bluu! Anasema baada ya nusu saa midomo ikaanza kuwa ya mtoto tena, na akalia mpaka wodi nzima ikageuka.

Nimefurahi sana. Kisha nikakaa kwa kitanda nikakumbuka somo la mwaka wa pili chuoni. Mhadhiri alilipita kwa dakika tano. Nitrati na watoto wachanga.

Sijala.


Jumatano, 16 Julai

Makori amekuja mtamboni saa tatu, bado na shati la jana. Amenikuta maabara.

Akaniuliza, kwa heshima tu, kama tunapima nitrati kwa maji yanayotoka. Kwa sababu mtoto amekunywa nitrati, hakuna njia nyingine, na nyumba ya Mongina inachota chemchemi iliyo chini yetu.

Kitabu cha vipimo kilikuwa mezani. Ningeweza kusema. Kulikuwa na nafasi — alikuwa anafuta miwani, ilikuwa kimya, hata blowa za kupuliza hewa zilikuwa zimezimika kwa sababu umeme ulikuwa umepotea. Nikakifungua, nikamgeuzia. Aprili, Mei, Juni. 8.2. 8.1. 7.9. 8.3.

Alisoma zote. "Kumbe si hapa," akasema. "Basi ni mbolea ya chai. Mvua ya mwaka huu imeosha mashamba." Akanishukuru. Akaondoka kwenda kuwaona watu wa shamba.

Nilikifunga kitabu nikakirudisha kwa rafu.


Alhamisi, 17 Julai

Nilimwendea mzee Kipkirui saa moja asubuhi. Nikamuuliza kama kuna vijiti vya kupimia vya zamani, vile vya mkebe. Hakuniuliza vya nini. Alifungua kabati yake, akatoa mkebe kutoka nyuma ya koti la mvua, akanipa akiangalia pembeni. Vimepitisha tarehe mwaka mmoja.

Kwa hivyo nilianza na maji ya mvua, yale ya pipa la ofisi. Kijiti kikabaki cheupe. Nzuri, vijiti bado vinasema ukweli.

Bwawa la tatu. Sikumaliza kuhesabu hadi kumi. Rangi ya waridi ikapanda, ikakolea, ikawa ya damu ya zambarau. Rangi ya mwisho kwa mkebe ni hamsini. Hii ilipita hiyo.

Nikaweka chupa kwa mfuko nikashuka kwa miblugamu. Kulikuwa na wanawake watatu kwa foleni, na madumu. Wakanipisha, wakasema wacha daktari wa maji achote. Chemchemi inatoka kwa mwamba, baridi, inang'aa. Mtu akikupa kwa glasi utamshukuru.

Hamsini.

Na Phelis alikuwa anachemsha mpaka inabaki nusu. Nitrati haichemki ikatoka. Inabaki yote kwa ile nusu. Nimeketi hapa nikifanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza.

Nilimsifu.


Ijumaa, 18 Julai

Nimemwonyesha Lazarus vijiti. Nilidhani atapiga kelele. Aliketi. Alifunga mlango, akarudi akaketi tena.

Alinifungulia kompyuta, akanionyesha barua pepe zake kwa makao makuu: mota, molasi, dawa ya maabara. Machi, Aprili, Mei mara mbili. Majibu yote ni kwamba tungoje. "Unafikiri mimi nalala usingizi?" akasema. Nikamwonea huruma, kwa dakika moja hivi.

Kisha akavuta kitabu. "Huu mwandiko ni wa nani?"

Wangu.

"Mimi natia sahihi nikiamini maabara. Hiyo ndiyo kazi ya meneja. Nani anaweza kusema nilikwambia uandike?"

Hakuna. Tulikuwa wawili.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua nijibu nini. Alisema tufanye hivi: nimwambie Makori chemchemi imechafuka, watu wasitumie, watoto wapone. Chanzo ni habari nyingine. Chanzo kitatafutwa na wanaohusika.

Nimekubali. Nilijiambia la kwanza ni watoto.


Jumamosi, 19 Julai

Tumeifunga chemchemi kwa miiba. Makori amewaeleza wanawake, mimi nikawatafsiria wazee wa kwetu kwa Kigusii. Msiwape watoto wachanga, hata mkichemsha, hasa mkichemsha. Mama mmoja akauliza sasa tutakunywa nini. Makori akamwangalia kama hakuwa amefikiria hilo.

Mchana lori la maji limefika, limetumwa na kampuni yetu. Lazarus amesimama kando yake akapigwa picha.

Wanawake wameniimbia. Kweli — wimbo mzima, na vigelegele. Ati msichana wa laini yetu alisoma akatuokoa.


Jumanne, 22 Julai

Phelis amekuja kutoka Sigowet. Amesikia.

Amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Alisimama nje ya geti hakutaka kuingia, na mimi nikatoka.

"Ni maji?" akaniuliza.

"Ni maji."

Nilidhani atalia. Alicheka! Kicheko kifupi, kama mtu ameshushiwa mzigo ghafla akayumba. Akasema: basi si kwa sababu nilirudi kazini. Si chupa. Nikasema hapana, Phelis, si wewe. Akasema nirudie. Nikarudia.

Halafu uso ukamgeuka. "Lakini nilichemsha." Nikamweleza, kwa sababu angesikia kwa wengine. Kwamba kuchemsha hakusaidii kwa hii. Sikutaja nusu. Yeye mwenyewe akafika hapo. Nilimwona akifika. Alishika geti kwa mikono miwili.

"Na hiyo kitu iliingiaje kwa maji?"

Nikasema bado wanachunguza. Pengine ni mbolea ya chai.

Nimeandika vile nilivyosema. Neno kwa neno.


Jumapili, 27 Julai

Pasta ameniita mbele. Kanisa limejaa, Mongina na Okemwa wake mzito, mwekundu, anavuta kipaza sauti. Pasta amesema Mungu hutumia mikono ya watu. Akainua mkono wangu. Huu wa kulia, wa kuandikia.

Phelis alikuwa kwa benchi la nyuma. Akaja mbele na yeye, akanikumbatia. Ananuka moshi na majani ya chai — ameanza tena kuchuma, huko kwao. Akanong'ona kwamba Kipkemoi amepiga simu mara moja, lakini mama yake anasema hizo ni hadithi za hospitali, karatasi iko wapi.

Nilirudi kukaa. Mama akanipigapiga paja, amejaa fahari. Nilitoka kabla ya sadaka.


Jumatano, 30 Julai

Barua imefika. Watu wa mazingira na wa afya wanakuja Jumanne. Makori hakuridhika na habari ya mbolea. Amepima vijito viwili vya juu, katikati ya chai, vikatoka karibu safi. Akaandika kwao.

Lazarus ameniita. Hajataja kitabu moja kwa moja. Amesema mwaka huu mvua ni nyingi, paa la maabara linavuja, vitu vinaweza kulowa. Kisha akauliza mama yangu anaendeleaje.

Nimemweleza mama kila kitu. Sikupanga. Alikuwa anachambua mboga za managu, akaacha, mikono ikabaki kwa sinia. Nilingoja anichape. Alisema kwa Kigusii, sauti ya chini sana, kwamba tunaishi hapa tangu yeye akiwa msichana, na bado ukifika mwaka wa kura anakunja nguo na kuziweka kwa mfuko karibu na mlango, tayari kukimbia. "Mtoto wa mwenyeji amekufa. Wakisikia ni mkono wa Mkisii, hawatasema Bochaberi. Watasema nyinyi."

"Kwa hivyo ninyamaze?"

Akaendelea na managu. Alipomaliza sinia akasema, mama ya Phelis ndiye alinizalisha nilipokuzaa. Kisha akaingia ndani.

Sijui hilo lilikuwa jibu la upande gani.


Ijumaa, 1 Agosti

Mota imefika! Baada ya miezi mitano ya kungoja, siku mbili tu tangu barua ije. Na mapipa manne ya molasi. Na dawa ya nitrati, maboksi matatu, yamefungwa vizuri.

Mzee Kipkirui ameifunga mikisa mwenyewe, akaiwasha. Bwawa la pili likaanza kuzunguka. Tulisimama kuliangalia. Inachukua wiki wale wadudu kurudi, na chemchemi itachukua miezi, ardhi chini ya mabwawa imeshakunywa.

"Mimi nilijua," mzee akasema. Huwa akisema bwawa inatoka "pwawa," na leo sikuweza hata kutabasamu. "Mawe ya kando ya pwawa ya tatu yaliota kijani tangu Aprili. Nikajua wale wa pili wamekufa. Nimebakisha miaka miwili nipumzike. Nikanyamaza."

Nikamuuliza kama atasema hivyo Jumanne.

Akafunga boksi la spana. Akasema wacha afikirie.

Kitabu nimekipeleka nyumbani. Kiko chini ya godoro la mama, yeye mwenyewe ndiye amesema hapo.


Jumanne, 5 Agosti

Saa nne na nusu. Wamekuja watatu na Makori. Tumeketi ofisi ya Lazarus. Kitabu nimekiweka mezani mimi mwenyewe, kikavu. Lazarus alikiangalia kama nyoka ameingia.

Wameniuliza jina, kazi, miaka. Mama mmoja wa afya, mtu mzima, amefungua ukurasa wa Mei akaupitia kwa kidole. "Nambari nzuri," amesema. Kisha akaomba chupa tupu za dawa ya kupimia, za Aprili hadi Julai. Lazarus akakohoa, akasema chai imeiva, tupumzike dakika kumi. Mama akasema sawa, kumi, halafu huyu msichana aanze.

Ninaandika kwa benchi la nje.

Phelis yuko hapa. Hakuna aliyemwita. Ametoka Sigowet alfajiri, na kadi ya kliniki ya Cheptoo ndani ya bahasha ya kaki. Anataka serikali iandike kwa karatasi kwamba ni maji, yenye mhuri, ampelekee mama ya Kipkemoi. Na anataka kuwaambia kwamba ni mimi niligundua. Amevaa ile nguo ya kanisani.

Nimemwambia.

Si vizuri, si kwa mpangilio. Nilianza na mikisa, akasema haelewi. Nikasema: Phelis, maji yalitoka kwetu. Tangu Aprili sikupima. Niliandika nambari tu. Ningepima ningejua, ningekwambia usichote.

Aliniangalia mdomo, si macho, kama anangoja kuona kama nitaendelea.

"Siku ya mazishi, ulikuwa unajua?"

"Hapana." Hiyo ni kweli.

"Siku nilikuja hapa kwa geti. Nikakuuliza."

"Ndio."

"Ulikuwa unajua."

"Ndio."

"Na kanisani."

"Ndio."

Akauliza ni siku ngapi. Tangu nijue mpaka leo. Nilihesabu mbele yake, kwa vidole, nikakosea, nikaanza tena. Kumi na tisa.

Ameinuka, ameenda mpaka mlango wa ofisi, akasimama katikati, mgongo kwangu, bahasha mkononi. Ndani wamegeuka kumwangalia. Mama wa afya anaita jina langu. Ameita mara ya pili. Nimesimama na daftari, sijui niliweke wapi. Mlango ni mmoja. Ili niingie lazima Phelis anipishe.

Hajapisha.